Nianze na leza ya kukata ubao au mashine ya kukunja visu vya dai? Wenye uzoefu naomba tushauriane (Mtwara)

#1 Mkata Boksi wa Chikongola

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Hela ninayotaka kuitoa ni jasho la misimu minne ya korosho, na nikikosea sina pengine pa kuanzia.

Nina karakana ya uchapaji hapa Chikongola, Mtwara mjini. Kazi yetu kubwa ni maboksi: ya korosho za robo na nusu kilo kwa vikundi vya kina mama wanaobangua, ya keki, ya sabuni, na mara mojamoja ya viatu. Tunachapa, tunakata kwa mashine ya Heidelberg ya zamani, kisha tunagundisha kwa mkono. Mashine ya kukatia ninayo na ni nzima. Ninachokosa ni dai.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, dai ni ubao wenye visu unaoipa karatasi umbo la boksi. Plaiwudi ya milimita 18 inachongwa mifereji myembamba, halafu visu vya chuma vyenye kimo cha milimita 23.8 vinakunjwa kufuata mchoro na kupigiliwa humo. Chenye makali kinakata, chenye mgongo butu kinaweka mkunjo. Raba inabandikwa kando ya makali ili karatasi isinase. Boksi likibadilika kwa milimita tano tu, unahitaji dai nyingine.

Kila dai naagiza Dar. Natuma mchoro kwa simu, fundi anachonga, inapakiwa kwenye basi, naipokea stendi. Ni kilomita kama 560. Mambo yakienda vizuri ni siku nne mpaka sita. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na mvua zikaikata barabara upande wa Kilwa, dai yangu ilikwama njiani na mteja akaenda kufungasha kwenye mifuko ya plastiki. Msimu uliopita ilikuja dai ya maboksi manne kwa pamoja. Mawili yanafunga vizuri, mawili ulimi hauingii. Nilikaa mbele ya kina mama wale, maboksi yamelundikana mezani, nikawarudishia malipo yao ya awali. Sitaki kupita tena pale.

Nimepewa bei ya mashine mbili, moja ni leza ya kukata ubao, ya pili inakunja visu yenyewe kwa kompyuta. Zote kwa pamoja siziwezi, moja naiweza. Muuzaji anayenifuatilia anasema nianze na ya kukunja kwa sababu ndiko masaa yanakopotelea. Je, ni kweli? Nikienda kuikagua mashine niangalie nini?

Hali yangu: Oktoba hadi Januari nahitaji dai tatu mpaka nne kwa wiki. Baada ya hapo ni moja kwa wiki, au hakuna. Kadi ninayotumia sana ni ya gramu 300 hadi 350. Umeme ni fezi moja, ila fezi tatu iko nguzo ya pili kutoka kwangu.

#2 Seremala Ligula

Mkuu, kwani mashine ya CNC, ile ya kuchonga milango inayoongozwa na kompyuta, haiwezi kuchonga hiyo mifereji? Kuna jamaa anayo hapa mjini, usingelazimika kununua kitu.

#3 Fundi Dai wa Zamani

Haiwezi, kijana wangu. Kisu cha kawaida cha boksi kina unene wa milimita 0.71, wenyewe tunakiita cha pointi mbili. Mfereji wake lazima uwe na upana huohuo, na ushuke milimita 18 nzima hadi upande wa pili. Tindo ya CNC yenye unene wa 0.7 ikizama kina hicho inavunjika kabla hujafika popote. Ndiyo maana miaka yote tulitumia msumeno wa jigiso wenye jino jembamba, na baadaye leza. Wenye uzi nitawarudia jioni, hili jambo halitaki haraka.

#4 Kijana wa Shangani

Kaka, kabla ya yote jiulize kama dai yenyewe unaihitaji. Siku hizi kuna meza za kukata zinazosoma mchoro moja kwa moja. Kisu kidogo kinatembea juu ya kadi, na gurudumu linaweka mkunjo. Hakuna ubao wala visu vya kukunja. Mteja akitaka maboksi 80 unamtolea siku hiyohiyo.

#5 Mkata Boksi wa Chikongola

Shukrani kaka wa Shangani, hilo nililipima. Kwa maboksi 80 au 200 uko sahihi kabisa, na mtu anayeanza na sampuli au kadi za harusi namshauri aende huko. Lakini oda zangu za msimu ni 3,000 hadi 10,000. Meza ile inakata boksi mojamoja kwa kulizunguka, wakati Heidelberg inakata karatasi nzima kwa pigo moja. Kwa oda ya 8,000 ningekesha wiki nzima. Dai siikwepi.

#6 Fundi Dai wa Zamani

Nimerudi. Nimechonga dai Dar tangu enzi za jigiso, baadaye nikafanya kazi na leza na mashine za kukunja za aina tatu tofauti. Sasa nimerudi nyumbani Mikindani. Nakuambia nilichokiona kwa macho.

Anayekwambia masaa mengi yanapotelea kwenye kukunja hakudanganyi. Dai ya boksi la kawaida la korosho ina vipande vya visu thelathini na kitu. Kila kipande unakipima, unakikata, unakikunja, unakichonga madaraja. Kwa msomaji mgeni: mfereji haukatwi mfululizo, maana ubao ungeanguka vipandevipande. Unaacha sehemu zisizokatwa, na kisu nacho kinachongwa pengo chini ili kizipande sehemu hizo. Hayo ndiyo madaraja. Kisu kinapokutana na kingine kwenye kona, ncha yake inachongwa mdomo ili makali yagusane bila kuacha uwazi. Mkono uliozoea unakula nusu siku kwa boksi moja. Dai ya manne kwa pamoja ni siku mbili.

Mashine ya kukunja inafanya yote hayo kwa mpigo. Inavuta kisu kutoka kwenye koili, inakinyoosha, inachonga madaraja na midomo, inakunja, inakata, inakudondoshea kipande kilicho tayari. Ni mashine nzuri na mimi naipenda.

Lakini sikiliza hapa. Mashine ya kukunja inafuata mchoro. Ubao wa jigiso unafuata mkono wa fundi. Hivyo viwili havikutani. Ukikata ubao kwa mkono unapotoka nusu milimita hapa, theluthi ya milimita pale, na fundi anayekunja kwa mkono anakirekebisha kisu kifuate ubao jinsi ulivyo. Mashine haiujui ubao wako. Inatoa kisu sahihi kabisa cha ubao usiokuwepo. Unakishika mkononi, kizuri kinameremeta, hakiingii. Ukikipigilia kwa nguvu kinajipinda, na dai inakata upande mmoja kabla ya mwingine.

Kinyume chake kinawezekana. Ubao wa leza na visu vilivyokunjwa kwa mkono ni ndoa njema kabisa, kwa sababu mfereji ulionyooka unamwongoza mkunjaji. Kisu kikikosewa, kinakataa kuingia na unajua palepale. Karakana nyingi zilianzia hapo na zikadumu hivyo miaka.

Kwa hiyo ubao kwanza. Leza, pamoja na seti ya mkono ya kukunjia: kikunjio cha mezani chenye meno ya maumbo mbalimbali, mkasi wa kukatia visu, kichonga madaraja, kichonga midomo. Seti hiyo ni sehemu ndogo sana ya bei ya mashine ya kompyuta, na haitaki umeme.

Tena kilichokuumiza wewe, maboksi mawili yanafunga na mawili hayafungi, hakikuwa kosa la kukunja. Huo ni ubao uliokatwa kwa mkono, kila boksi na bahati yake. Leza inarudia boksi la kwanza na la nne sawasawa.

#7 Mkata Boksi wa Chikongola

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili. Sikuwahi kuliwaza namna hiyo, niliona ni mashine mbili ambazo yoyote ingekuja kwanza ingenisogeza. Kuhusu leza yenyewe: muuzaji mmoja ana ya wati 150, mwingine ya 400, bei zinapishana sana. Kuna na wa tatu anasema niache hizo, nichukue leza ya faiba ndiyo ya kisasa.

#8 Fundi Dai wa Zamani

Marahaba. Ya faiba ni ya chuma. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa karibu maikromita 1.06, na mbao haiupokei vizuri. Leza ya gesi ya kaboni dioksaidi ni maikromita 10.6, huo mbao inaunywa. Anayekuuzia faiba kwa ajili ya plaiwudi hajawahi kukata plaiwudi. Mwache.

Wati 150 inaikata milimita 18, lakini kwa taabu. Inakwenda polepole, kuta zinaungua na kuwa mkaa, na mfereji unakuwa mpana juu na mwembamba chini. Kisu kwenye mfereji wa namna hiyo kinacheza kama jino bovu. Nenda kwenye wati 300 hadi 400 ukiwa mdogo. Viwanda vikubwa wana kilowati moja na zaidi, hiyo si ya kwako sasa.

Usimwache muuzaji akuonyeshe leza ikichora maua kwenye ubao mwembamba. Nenda na vitu vyako: kipande cha plaiwudi ya milimita 18 utakayoinunua wewe, na visu vya 0.71. Mwambie akate mifereji kumi ya sentimita kumi, mitano imelala na mitano imesimama, na duara moja. Ingiza kisu. Kikizama kwa kidole ni mpana. Kikihitaji nyundo nzito ni mwembamba. Kinachotakiwa ni kugongwa kwa nyundo ya raba, taratibu, kikae wima bila kuyumba. Halafu geuza ubao, pima upana wa chini kwa visu vya unene tofauti. Mwisho mwambie akate mraba mkubwa wa nusu mita, uupime kona kwa kona, ulalo wote miwili. Urefu wa ulalo ukitofautiana, meza haijanyooka.

Plaiwudi nayo ni nusu ya kazi. Ile ya ujenzi, hata iitwe marini, ndani ina matundu na vipande vilivyopishana. Leza ikifika kwenye gundi nene inakwama, ikifika kwenye tundu inapita bila kukutana na mbao, na kisu hakina cha kukishika. Plaiwudi ya dai ni ya mti wa birch, tabaka nyembamba nyingi, zote zimejaa. Inatoka Ulaya Kaskazini na ni ghali. Ila ubao mbovu unaharibu visu vizuri.

#9 Umeme na Ubaridi, Mtama

Wazee nimeona uzi, naongezea upande wangu. Nafunga mitambo na kutengeneza majokofu huku Lindi.

Leza yenye bomba la kioo inapozwa na maji. Mafundi wengi wakifunga wanaweka kipozeo nyuzi 18 au 20 kama kitabu kinavyosema. Kitabu hicho kiliandikiwa mahali pakavu. Hapa kwetu pwani, Februari mpaka Aprili, hewa ina mvuke mwingi kiasi kwamba kitu chochote chenye nyuzi 20 kinatoka jasho. Weka soda ya baridi mezani uone. Jasho hilohilo linatokea kwenye bomba na kwenye vioo vya leza. Bomba lina umeme wa maelfu ya volti. Maji yakikaa kwenye ncha yake, cheche inaruka na bomba limekufa.

Dawa ni chumba kilichofungwa chenye eisi inayofanya kazi kabla ya leza, ili mvuke upungue. Kisha maji uyaweke karibu na joto la chumba, nyuzi 24 au 25, usiyaache yapoe kuliko hewa inavyoruhusu. Asubuhi usiwashe kipozeo peke yake ukaenda kunywa chai.

Jambo la pili ni ethi. Leza bila ethi ya uhakika ni hatari kwa mtu, na kompyuta yake inachanganyikiwa katikati ya kazi. Usikubali waya uliofungwa kwenye nondo ya dirisha. Chimbia fimbo ya shaba, ipimwe.

Fezi tatu ivute mapema. Ukijumlisha leza, kipozeo, feni ya moshi, kompresa na eisi, fezi moja itakuwa inalia. Umeme ukikatika leza ikiwa katikati ya ubao, mara nyingi ubao huo umeupoteza, maana kuurudisha palepale ni kazi. Kwa hiyo weka UPS walau kwenye kompyuta na kiongozi cha mashine, yaani kisanduku cha umeme kinachoiendesha, ili nukta iliyofikiwa isipotee.

Na moshi. Gundi ya plaiwudi ikiungua inatoa moshi unaochoma macho na mapafu. Bomba la moshi lipande juu ya paa. Usilitoe dirishani kwa jirani. Mtungi wa kuzimia moto uwe mlangoni, na mtu asiiache mashine peke yake hata dakika moja.

#10 Mama wa Maboksi, Lindi Mjini

Naomba niseme na mimi, maana yaliyonikuta sipendi yamkute mwingine.

Mimi nilinunua mashine ya kukunja. Ilikuwa imetumika, imetoka nje, bei ilinivutia. Kwenye video niliyotumiwa inakunja safi kabisa. Ilipofika nikaiwasha, programu haifunguki. Kumbe inahitaji kifunguo kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, na kifunguo kile kilibaki kwa mwenye mashine wa zamani. Aliyeniuzia akasema atatuma. Hakutuma, baadaye akawa hapokei simu. Watengenezaji nikawaandikia, wakanijibu vizuri tu kwamba toleo lile hawalihudumii tena, ninunue kiongozi kipya na programu mpya. Bei yake ilikaribia ile niliyonunulia mashine nzima.

Nilikaa nayo miezi tisa imefunikwa turubai. Nimeilipia mkopo kila mwezi huku haijanitengenezea hata kisu kimoja.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukienda kununua ya kutumika, usitazame video. Taka iwashwe mbele yako, ikiwa imezimwa kabisa kabla hujafika. Taka ifungue mchoro uliokuja nao wewe mwenyewe, siyo ulioko ndani yake. Kifunguo na diski za programu vishike kwa mkono wako, viandikwe kwenye mkataba. Uliza patasi zinazochonga madaraja na midomo zinapatikana wapi na huchukua siku ngapi kufika, maana hizo ndizo zinazokwisha. Hazina ukubwa wa kidole, lakini zikiwa butu zinaacha unyoya kwenye chuma na kisu hakilali.

#11 Mkata Boksi wa Chikongola

Pole sana dada yangu. Nimeumia kusoma. Je, ulifanikiwa kuinusuru?

#12 Mama wa Maboksi, Lindi Mjini

Niliiuza kwa vipuri. Sasa nakunja kwa mkono, na ninaishukuru ile seti ya mkono anayoisema mzee. Dai za maboksi ya ufuta na chumvi nazitoa mwenyewe. Ubao bado naagiza Dar.

#13 Mchora Maboksi

Habari zenu. Mimi ni mchoraji, na hapa kuna jambo ambalo halijaguswa: faili.

Kaka Mkata Boksi, naamini michoro yako iko CorelDRAW kama ya wengi wetu. Ukiipeleka kwenye DXF, aina ya faili ya michoro inayosomwa na mashine hizi, mstari wa mviringo mara nyingi unatoka umevunjwavunjwa kuwa mistari mifupi iliyonyooka, mia na zaidi. Kwenye kioo huwezi kuona. Leza itaufuata, ila itatetemeka. Mashine ya kukunja ndiyo itakayokuumbua: itapiga kila kimstari kama kona ndogo, na badala ya duara utapata umbo la pembe nyingi lenye makali yaliyochoka. Duara libaki duara la kweli kwenye faili, lenye kitovu na nusu kipenyo. Mstari usipandane na mwingine, maana leza itakata mara mbili na mfereji utapanuka. Mistari ya kukata iwe na rangi yake, ya mkunjo rangi yake, ya vitobo rangi yake, na kila siku rangi zilezile.

Na muulize muuzaji mashine inasoma DXF ya kawaida na CF2, faili ya wachonga dai, au aina yake peke yake. Mashine inayotaka programu yake ya kulipia kila mwaka imekufunga mkono.

Halafu nikuulize: kimo cha visu vya mkunjo unakipangaje? Nimewahi kuona maboksi yako sokoni, samahani kwa kusema, yanapasuka kwenye mkunjo.

#14 Mkata Boksi wa Chikongola

Hapana samahani dada, umesema kweli na nimekushukuru. Natumia 23.3 kwa kila kadi, ndivyo nilivyoelekezwa.

#15 Mchora Maboksi

Hapo ndipo penyewe. Chukua 23.8 ya kisu cha kukata, toa unene wa kadi. Kadi ya milimita 0.4 inataka 23.4. Kadi ya 0.5 ndiyo ya 23.3. Na ule mfereji wa chini ya kadi, kwenye bamba la mashine ya kukatia, unaopokea mkunjo, upana wake ni unene wa kadi mara moja na nusu, ongeza unene wa kisu. Kwa 0.4 ni 0.6 jumlisha 0.71, unatafuta wa 1.3. Nunua maikromita, pima kila bando la kadi linaloingia. Gramu hazikwambii unene, kadi mbili za gramu 300 zinaweza kupishana.

#16 Dalali wa Mitambo

Mimi nauza mitambo hii, nasema wazi ili msomaji ajue ninapotokea. Nampinga mzee kwa heshima. Mkata Boksi anaweza kununua ya kukunja, na bao zilizokatwa kwa leza akaziagiza Dar. Bao halina visu, ni jepesi, haliharibiki njiani. Hapo bao ni la leza na visu ni vya mashine, vinakutana. Saa zake za kazi zinapungua kuliko akinunua leza na kukunja kwa mkono.

#17 Fundi Dai wa Zamani

Hoja yako ina miguu, na nimefurahi umejitambulisha. Kama angekuwa Kibaha ningekubaliana nawe. Bao asubuhi, jioni dai iko kwenye mashine.

Lakini rudi kwenye tatizo lake la mwanzo. Hakulalamika kwamba kukunja kunamchosha, maana hajawahi kukunja. Analalamikia barabara na kosa lisilorekebishika. Akiagiza bao Dar, barabara iko palepale, na mteja akibadilisha ulimi wa boksi saa kumi jioni bado anasubiri basi. Akiwa na leza, bao jipya analo kabla ya magharibi. Kisu kikikosewa anakitupa kimoja anakunja kingine, ni chuma cha shilingi chache.

Kuna na hili la chuma kurudi. Ukikunja kisu nyuzi 90 ukakiachia, kinafunguka kidogo. Kiasi kinachofunguka kinategemea ugumu wa chuma, na koili ya leo si sawa na ya mwezi ujao hata ikiwa ya kampuni moja. Kwa hiyo mashine ya kukunja inataka kupimwa upya kila koili mpya: unakunja vipande vya majaribio, unapima, unaiandikia tofauti. Mtu asiyewahi kukunja kwa mkono haujui ugomvi huo, analaumu mashine. Mwaka mmoja wa kukunja kwa mkono ndio unaomfundisha kuitumia hiyo mashine yako. Mwakani mletee, mimi mwenyewe nitamwambia anunue.

#18 Dalali wa Mitambo

Kwa hilo la kupima koili sina pingamizi mzee. Wateja wangu wengi hunipigia wiki ya tatu kwa sababu hiyohiyo.

#19 Mama wa Maboksi, Lindi Mjini

Na kutu msisahau. Bahari iko mita mia chache kutoka karakana zetu. Visu nikiviacha wazi wiki mbili vinapata madoa, makali yakipata doa yanakata kwa kunyofoa. Navipaka mafuta mepesi, nafunga kwa karatasi ya nta, ndani ya pipa lenye kifuniko. Dai zilizokamilika nazisimamisha wima kwenye rafu, mbali na ukuta unaovuja. Nilizozilaza sakafuni zilipinda.

#20 Mkata Boksi wa Chikongola

Wakuu, nimekaa na kalamu jana usiku na mke wangu, ambaye ndiye anayeshika daftari.

Msimu uliopita niliagiza dai 46. Kila moja, pamoja na nauli ya basi na bodaboda ya stendi, ilinisimamia wastani wa shilingi 240,000. Hiyo ni zaidi ya milioni 11 kwa miezi minne. Nikichonga mwenyewe, bado nitalipa plaiwudi, visu, raba, umeme na mshahara wa kijana mmoja. Tumekadiria nusu ya hela hiyo itabaki. Kwa hesabu hiyo peke yake leza haijilipi haraka, itachukua misimu kadhaa. Mke wangu aliniuliza swali moja: dai ngapi tulizikataa kwa sababu mteja alitaka wiki hiyohiyo? Nikahesabu kwenye simu, meseji moja baada ya nyingine. Ni 19. Hapo ndipo hesabu inapobadilika, kwa sababu nyuma ya kila dai kuna maboksi elfu kadhaa ambayo hayakuchapwa kwangu.

Dada wa Lindi, na wewe unaagiza bao Dar. Kutoka kwangu hadi Lindi mjini ni kama saa mbili. Nikikukatia bao mimi, likaondoka na basi la asubuhi, mchana unalo. Nikiwapata wachonga dai wengine wawili watatu wa Lindi na Masasi, leza haitalala Februari.

Nimeamua leza, ya wati 400, na seti ya mkono. Fezi tatu nimeshaandika barua ya maombi. Chumba cha nyuma nakiziba madirisha na naweka eisi kabla mashine haijafika. Ya kukunja nimeiacha mpaka msimu wa mwakani uishe. Alhamisi nasafiri Dar kwenda kuikagua, na mifereji kumi ya mzee nimeiandika kwenye karatasi.

#21 Mchora Maboksi

Nitumie faili ya boksi lako la nusu kilo leo. Nikurudishie DXF safi kesho asubuhi, uende nayo kwenye flashi. Muuzaji akate hiyo, siyo maua.

#22 Mama wa Maboksi, Lindi Mjini

Oda ya bao langu la kwanza nitaileta kwako mwenyewe mkononi, na mchoro wa boksi la ufuta la kilo moja. Niambie ukiwa tayari.

#23 Fundi Dai wa Zamani

Kabla ya Alhamisi pitia Mikindani. Nina visu vya 0.71 vya aina mbili, kimoja laini kimoja kigumu, chukua vipande vya vyote viwili. Na ukifika kwa muuzaji, mfereji wa kwanza akiukata, usiupime ukiwa wa moto. Subiri ubao upoe.